Njia Isiyogusa Barabara

Shangazi yangu hakunielewa. Niliporudi Amu, yaani mji wetu wa Lamu, kutoka Singapore, na baada ya kumkabidhi kitambaa nilichomchukulia, aliniuliza siku yangu ya mwisho kule niliitumiaje, nami nikamjibu kwamba nilitembea kwa miguu tangu alfajiri hadi jua lilipokaribia kutua, nikitoka bustani moja na kuingia nyingine. "Sasa ndia hiyo ilikuwa yenda wapi?" akauliza. Nikamweleza kwamba haikuwa ikienda popote hasa: ilitoka kilima kimoja ikaenda cha pili, ikatoka cha pili ikaenda cha tatu, na mwisho ikashuka baharini. Alinitazama kwa jicho lile lile analowatazamia wageni wanaopiga punda picha. Kwetu mtu hutembea kwa kuwa ana pa kwenda, iwe sokoni, arusini au matangani, na kwa kuwa katika mji wa kale karibu kila pahali hufikiwa kwa miguu, kutembea kwenyewe hakuhesabiwi kuwa ni shughuli ya mtu mzima.

Nilikuwa Singapore kwa mafunzo ya wiki moja, na muda wote huo nilikuwa nikichukuliwa kwa basi kutoka hotelini hadi ukumbini na kurudishwa, hata mji wenyewe nikawa nauona kupitia kioo tu. Siku ya mwisho haikuwa na ratiba. Wenzangu wakaenda madukani. Mimi nilikuwa nimesoma habari za safu ya vilima iliyo kusini-magharibi mwa mji ule, ambayo wenyewe huiita Southern Ridges, yaani migongo ya kusini, ambako bustani za Mount Faber, Telok Blangah, HortPark, Kent Ridge na Labrador zimefungamanishwa kwa madaraja na vijia, mtu akaweza kwenda takriban kilomita 10 na muda mwingi wa safari yake asishindane na gari. Kijana wa mapokezi alinionya kwamba jua litaniumiza. Nilicheka kimoyomoyo. Singapore iko zaidi kidogo ya digrii 1 kaskazini mwa ikweta, na Lamu iko zaidi kidogo ya digrii 2 kusini mwake; jua lile na mimi tulikuwa tumeshajuana zamani.

Kilichonikanganya ni saa. Kule jua huchomoza karibu na saa moja asubuhi na kutua karibu na saa moja jioni mwaka mzima, kwa sababu saa za nchi ile zimewekwa mbele ya jua lake. Kwetu, ikifika saa kumi na mbili unusu, punda wameshaanza kupakiwa mchanga. Nilipotoka hotelini wakati kama huo kulikuwa bado giza, na nilipofika kwenye kituo cha treni cha HarbourFront, ambapo njia ya kwanza huanza kupanda, ndipo weupe ulipoanza kuonekana nyuma ya winchi za bandari.

Njia hiyo huitwa Marang, na nusu yake ni vidato vilivyojengwa ndani ya msitu. Mtu wa Amu, ambaye kilima chake kirefu ni kile cha mchanga wa Shela, kijiji jirani, hana magoti ya vidato. Nilipumzika mara tatu. Mara ya tatu alinipita mzee mwanamume aliyekuwa akipanda huku akijipiga mabega kwa viganja kana kwamba anakung'uta vumbi, akanisalimu kwa kichwa, na kabla sijainuka alikuwa ameshafika juu na anarudi. Hewa ilikuwa nzito kama ya kwetu mwezi wa Machi kabla ya masika, ile hewa ambayo nguo hulowa kabla mtu hajafanya kazi yoyote.

Juu ya Mount Faber nilikaa kwa muda mrefu. Hapo zamani kilima hiki kilijulikana kwa jina la Telok Blangah, kama ghuba iliyo chini yake, na mnamo 1845 kikapewa jina la Kapteni Charles Edward Faber, mhandisi wa jeshi la Madras aliyekata barabara ya kukipanda ili pajengwe kituo cha ishara. Kazi ya kituo hicho ilikuwa kutweka bendera za kutangaza vyombo vinavyoingia. Jambo hili lilinifurahisha kwa sababu ndogo sana: Wamalai nao husema bendera, neno lile lile, kwa kuwa wao na sisi tulilichukua kwa Wareno. Watu wawili waliokaa pande mbili za bahari moja, waliotembelewa na jahazi za watu wale wale, wakabaki na kitambaa kimoja kwenye ulimi. Chini yangu zilionekana meli zimetia nanga hata nikashindwa kuzihesabu, na nyuma yake visiwa, na nyuma ya visiwa ukungu. Nilifikiria gati la Magogoni, lililofunguliwa mwaka 2021 ng'ambo ya mji wetu, na winchi zake chache. Sikufikiria zaidi ya hapo, kwani habari ya bandari ile inataka makala yake yenyewe.

Kutoka Faber njia hufuata mgongo wa kilima, kisha ghafla ardhi hukatika. Barabara ya Henderson imepita hapo chini kabisa, bondeni, na upande wa pili ndiko kilipo kilima cha Telok Blangah. Kwa miaka mingi vilima hivi viwili vilitazamana hivyo, kila kimoja na bustani yake, na mtu aliyetaka kwenda cha pili hakuwa na budi kushuka hadi barabarani, avuke, apande tena. Mnamo 2008 likafunguliwa daraja la waendao kwa miguu lenye urefu wa mita 274, lililoinuka mita 36 juu ya barabara, na jina lake ni Henderson Waves, mawimbi ya Henderson. Jina hilo ni la haki. Mbavu za chuma zimepindwa zikapanda juu ya sakafu na kushuka chini yake, zikapanda tena na kushuka tena, na sakafu imetandikwa mbao za balau, mti mgumu wa misitu ya kusini-mashariki mwa Asia, zilizogeuka rangi kwa jua na mvua zikawa kama sitaha ya jahazi iliyozeeka vizuri. Nilivua viatu. Hakuna aliyenikataza.

Hapo katikati ya daraja ndipo nilipomkumbuka bibi.

Bibi yangu alizaliwa na kufa Mkomani, mtaa wa mji wetu, na miongoni mwa mambo aliyopenda kutusimulia ni kwamba zamani mwanamke wa nyumba za mawe aliweza kutoka nyumba hii akaenda ile, na kutoka ile akaenda ya tatu, asiikanyage ndia hata mara moja. Alipitia kwenye wikio. Kwa msomaji asiyeujua mji wetu, wikio ni chumba au ujia uliojengwa juu ya kichochoro, ukiunganisha orofa za juu za nyumba mbili zinazoelekeana. Apitaye chini huona dari ya boriti juu ya kichwa chake na kufurahia kivuli, bila kujua nani anapita juu. Wikio hauwezi kuwa mpana, kwa sababu haupiti urefu wa boriti, na boriti ya mkoko, kama wanavyojua wajenzi wetu, haitoi chumba chenye upana wa zaidi ya mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vya Amu ni virefu na vyembamba, na ndiyo maana nyumba mbili zilizotaka kuungana zilipaswa kwanza kuwa karibu, na wenyewe kuwa jamaa. Hakuna aliyemjengea mtu baki wikio.

Yalikuwapo pia mambo ambayo bibi aliyasema kwa fahari na mimi nikayapokea kwa fahari nilipokuwa mdogo. Mama wa kiungwana alipokuwa hana budi kutoka nje, alitembea ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililoinuliwa kwa miti, na waliolibeba walikuwa watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na bibi aliyapata hayo kwa kusimuliwa na mamake. Nilipokua ndipo nilipoanza kujiuliza wale wanawake walioshika miti ya shiraa jua liliwapataje. Historia ya kutembea katika mji wetu si ya watu wote kutembea sawa.

Basi nilikaa kwenye daraja lile, na nitakiri kwamba nilikaa kwa zaidi ya saa nzima. Pale mbavu za chuma zinapopanda zimeacha vijumba vilivyopinda, vyenye viti vya mbao vya ngazi ngazi na kivuli chake, mithili ya daka, ukumbi mdogo wa kukaa mlangoni kwetu. Kabla ya kwenda nilikuwa nimejiaminisha kwamba mji wa namna ile hauwezi kuwa na baraza, kwamba watu wake hawakai. Nilikosea. Katika kijumba cha kwanza walikuwamo wazee wanne, mmoja akiwasomea wengine kitu kwenye simu. Katika cha pili, msichana alilala usingizi mkoba ukiwa kichwani. Katika cha tatu, bwana arusi na bibi arusi walikuwa wakipigwa picha na mtu aliyekuwa akiwapigia kelele kwa upole. Mimi nikachukua cha nne, na buibui langu, na chupa yangu ya maji. Hakuna aliyeniuliza jamaa yangu ni nani. Wikio wa mita 274 unaopitwa na watu wasiojuana, wala wasiotaka kujuana, lilikuwa jambo ambalo bibi hangelikubali, na ambalo mimi nililipenda mno hata nikaona haya kidogo.

Kilima cha Telok Blangah sitakieleza kwa urefu. Jina lake kwa Kimalai ni ghuba ya chungu, na juu yake pana bustani ya matuta iliyojengwa kwa nusu duara, iliyopunguzwa na kunyooshwa kwa ustadi ambao mimi binafsi haunigusi. Kutoka hapo huonekana majumba marefu ya serikali, ambamo sehemu kubwa ya wananchi wa Singapore wanaishi, na ni vizuri msomaji ajue kwamba sehemu kubwa ya vijiji vya zamani vya nchi ile, vya nyumba za mbao na mapaa ya makuti, vilivunjwa na watu wake wakahamishiwa kwenye majumba kama yale. Kijani kile kina bei yake, na haikulipwa kwa fedha peke yake.

Lakini njia ya msituni inayofuata nitaieleza. Ni ujia wa chuma wenye urefu wa takriban kilomita 1.3, uliosimamishwa juu ya nguzo, unaokwenda kwa kujipinda kulia na kushoto kama nyoka ili mteremko wake uwe mpole, na katika sehemu zake za juu mtu yuko mita 18 kutoka ardhini, usawa na vilele vya miti. Faida ya upole huo niliiona kwa macho: mwanamume mmoja alikuwa akimsukuma mamake kwenye kiti cha magurudumu, na yule mama alikuwa amefika mahali ambapo ndege hutaga. Hasara yake ni kwamba sakafu ni ya wavu wa chuma, na mtu akitazama miguu yake huona chini kabisa, majani, kisha matawi, kisha giza. Kwa dakika kumi za mwanzo nilitembea nikitazama mbele tu, nimeshika mkingo kwa mkono mmoja na kwa mwingine nimeinua upindo wa buibui ili usinase kwenye wavu. Ulinasa. Ilinibidi kuinama na kuunasua mbele ya kundi la watoto wa shule, na katika kuinama nikatazama chini, na baada ya hapo hofu ikaisha.

Nilidhani msitu ule ni wa tangu na tangu. Sivyo. Katika karne ya 19 vilima vingi vya kisiwa kile vilikatwa miti na kupandwa pilipili manga na gambiri, mmea ambao majani yake huchemshwa kutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Kuchemsha kulitaka kuni, na kuni zilitaka msitu. Shamba lilipochoka, mkulima aliliacha na kuhamia kipande kingine. Ardhi iliyoachwa ikawa chachu na dhaifu, ikaota miti michache inayoweza kuvumilia udongo wa namna hiyo, na Wamalai wana neno moja la msitu kama huo wa marudio: belukar. Kwa hiyo ule ukijani ulionizunguka, ambao nilikuwa tayari kuusujudia, ulikuwa msitu wa pili, mjukuu wa shamba lililochoka. Sikuona kwamba hilo linaupunguzia kitu. Kulikuwa na mitembusu, mti ambao picha yake imo kwenye noti yao ya dola 5, na kulikuwa na ndege wadogo wa chozi wenye rangi kali, na kelele za nyenje zilizokuwa zikipanda zikashuka zote kwa pamoja.

Malalamiko yangu ni kuhusu vibao. Kila hatua ina kibao: usilishe wanyama, usipande baiskeli hapa, mti huu ni fulani, umebakisha mita kadhaa. Baada ya kilomita tatu za kuamrishwa kwa adabu nilihisi kwamba hata msitu wenyewe umeombwa ujiheshimu. Ila sharti niseme pia kwamba sikuona mfuko mmoja wa plastiki, na mtu wa Amu hana haki ya kulipita jambo hilo haraka.

Daraja la pili, Alexandra Arch, lina urefu wa mita 80 na sakafu iliyopinda kama jani. Nalo lilifunguliwa 2008. Nililivuka mbio kwa sababu mawingu yalikuwa yameshafunga na radi zilikuwa zikija kutoka upande wa bahari. Mvua ilinikuta naingia HortPark, bustani ya maonyesho ya kilimo cha maua, na ilinyesha kama inavyonyesha kwetu, bila utangulizi.

Chini ya banda nililokimbilia alikuwapo mama mmoja wa Kimalai wa umri wa shangazi yangu, na kikapu cha chakula. Alinitazama ushungi, akasema salamu alaykum, nikamwitikia, kisha tukakwama, kwani Kiingereza chake kilikuwa kidogo na Kimalai changu si chochote. Ndipo tukaanza mchezo. Alionyesha kitu na kukitaja, nami nikakitaja chetu. Sabuni ilikuwa sabun. Meza ilikuwa meja. Limau lilikuwa limau, na hapo alipiga makofi. Aliposema dunia nikasema dunia, aliposema waktu nikasema wakati, na alipotaka kujua kabati la nguo tunaliitaje, nikakumbuka nyumba ya bibi na kusema almari, naye akasema ndiyo hilo hilo. Neno moja tu lilitutia katika matatizo. Alinieleza kwa ishara ya msalaba kwamba gereja ni kanisa. Nikamwambia kwamba kwetu gereza ni jela. Tulicheka hadi machozi. Maneno yote mawili yametokana na lile la Kireno la kanisa, na lilivyofika kwetu likafungwa pingu ni kisa cha wanahistoria. Mimi nilichokuwa nacho akilini ni ngome yetu ya Amu, iliyomalizwa kujengwa 1821, ambayo nilipokuwa mtoto wazee waliendelea kuiita gereza ingawa wafungwa waliondolewa 1984. Mvua ilipopungua tuliswali adhuhuri pale pale bandani kwa zamu, kila mmoja akimshikia mwenzake mkoba. Aliniaga kwa kusema selamat jalan, na sikuhitaji kufasiriwa: salama, na njia.

Nilipanda Kent Ridge nikiwa nimelowa. Huko pana ujia mwingine wa juu wenye urefu wa mita 280 unaopita kati ya vilele vya miti hadi kwenye nyumba ya zamani iliyofanywa kumbukumbu ya vita, mahali paitwapo Bukit Chandu. Bukit ni kilima; chandu ni afyuni iliyokwisha kutayarishwa kwa kuvutwa, na jina limetokana na kiwanda cha afyuni kilichokuwa chini yake. Tarehe 13 na 14 Februari 1942 askari wa kikosi cha Wamalai walipigana na Wajapani juu ya migongo hii, na miongoni mwa waliokufa hapo ni Luteni Adnan Saidi, ambaye jina lake bado linatajwa kwa heshima. Siku iliyofuata, tarehe 15, Waingereza walisalimu amri na mji ukatekwa. Mtu anapotembea juu ya ujia ule na kusikia ndege, ni vigumu kuweka pamoja mambo hayo mawili, na mimi sikujaribu. Nilisoma fatiha, nikageuka.

Nilirudi hadi HortPark, nikafuata njia iliyo kando ya barabara ya Alexandra kushuka upande wa bahari. Sehemu hii haina uzuri wowote. Ni kelele za malori na ukuta. Miguu iliniuma na nilikaribia kuita teksi. Kisha barabara ikavukwa, ubao ukaanza chini ya miguu, na pua yangu ikatangulia kujua kabla ya macho: tope la chumvi, maji kupwa. Kijito cha Berlayer kimebakiwa na kipande kidogo cha mikoko, ambacho ni miongoni mwa mabaki machache sana kusini mwa kisiwa kile, na wamekijengea sakafu ya mbao ili watu wapite bila kukanyaga mizizi. Niliutambua mkoko kwa mizizi yake ya matao. Niliutambua jamaa ya mchu kwa mizizi yake inayochomoza topeni kama misumari. Watu wenye kamera walikuwa wamesimama kimya wakitazama kaa mmoja.

Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Babu zetu waliikata wakaipanga kwa unene na kuipa kila saizi jina lake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, wakaipakia majahazini kwenda Uarabuni, na sisi tukaikata tukapikia. Ni mimea ambayo nimepita kando yake maisha yangu yote ndani ya mashua nikiongea habari za watu. Kule nilisimama na wale wenye kamera, nikamtazama kaa.

Labrador, mwisho wa safari, ni miamba, mizinga ya Waingereza iliyoelekezwa baharini, na njia pana ya ufukweni. Nilikaa kwenye ukuta nikaangalia jua likishuka kwa saa yake ya kuchelewa. Sehemu kubwa ya ufuo wa Singapore si ufuo uliokuwapo zamani; tangu uhuru nchi ile imeongeza eneo lake kwa takriban robo kwa kujaza bahari mchanga, na mchanga mwingi ulinunuliwa kutoka kwa majirani. Nilivifikiria vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo huinywa mvua na kuihifadhi chini kwa chini, ndiyo maji tunayoyateka mjini. Mtu akivichota vilima vile kwa ajili ya ujenzi, anachota kisima.

Tangu nirudi nimekuwa nikiutembea mji wetu nikihesabu vipande. Tunavyo. Pana uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome na kivuli chake. Na huo mkungu wenyewe, nilioukuta umejaa Singapore kwa jina la ketapang, wataalamu wanauhesabu kuwa mti wa pwani za Asia na Pasifiki, kwa hiyo ni mgeni wetu wa zamani. Pana gati na njia ya pwani. Pana mashamba ya minazi na miembe nyuma ya mji, na njia za mchanga zinazoyapita. Pana Shela, na baada ya Shela vile vilima, na baada ya vilima ufuo wa kilomita nyingi. Kila kipande kina mtu wa kukisifu, na mji wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Kinachokosa mwenyewe ni kilicho baina: pale njia ya shamba inapofungwa kwa ukuta wa jengo jipya, pale kichochoro kinapogeuka jaa, pale pikipiki zinapopita kwa kasi na bibi kizee hubanwa ukutani. Wale wa Singapore hawakuwa na vilima vya ajabu. Vilikuwa mabaki, vimechoka kwa gambiri, vimekatwakatwa na barabara. Walichokitolea fedha na akili ni yale mapengo.

Juma lililofuata nilimwomba shangazi twende Shela kwa miguu, bila haja yoyote, alasiri tu. Alikataa kutoka bila haja. Akapika mkate wa sinia, akaufunga kwenye kitambaa, akasema kwamba kuna jamaa yetu kule aliyejifungua na hatujampelekea kitu, na kwa njia hiyo tukawa tuna pa kwenda. Maji yalikuwa yamekupwa. Tulifuata pwani, tukapita hospitali, tukapita mashua zilizolazwa ubavu zikikwanguliwa, tukapumzika chini ya mti mara mbili, na kila mara aliketi akaanza kunieleza nyumba ile ni ya nani na zamani ilikuwa ya nani, mpaka nikaona kwamba yeye hahitaji vibao.

Tulipokuwa tukirudi maji yalikuwa yameshaanza kujaa, na mahali pamoja yalikuwa yamefika kwenye njia. Nikasema tuite mashua. Akauliza wale wa Singapore maji yakijaa hufanyaje, nikamjibu kwamba pale nilipotembea maji hayafiki njiani, wameyasukuma nyuma. Akalifikiria jambo hilo kwa muda. Kisha akavua kandambili, akanipa nizishike, akakusanya buibui lake magotini, akaingia.